Mwindo yuko ngeli gani?

Jumapili mchana, hapa Mangobo, tunakaa watano chini ya mwembe na dadu mbili, kalamu na madaftari. Mchezo wetu ni wa mapanga na uchawi, wa ukoo ule ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kwa jina la Dungeons & Dragons. Kila mhusika ana aina yake. Mwanzoni zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi; mwizi akaongezwa mwaka 1975. Sisi tunaziita ngeli. Walimu wa isimu watusamehe.

Mwezi uliopita nilikuwa msimamizi. Kijana mmoja, anayeendesha toleka asubuhi na kusoma mchana, akaleta mhusika anayepigana, anayeimba, na anayefufua wafu kwa usinga. Nikamwambia achague ngeli moja. Akachagua mpiganaji, akacheza nusu saa, akapanda baiskeli yake. Hajarudi.

Nilichelewa kutambua kwamba alikuwa ametuletea Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale, ambaye masimulizi yake yalichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Huko kuzimu Mwindo anamwua Muisa kwa usinga, kisha anamfufua kwa usinga uleule. Anaimba, anacheza ngoma, anapigana na baba yake mzazi, na mwishowe anatawala. Sheria nilizozishika siku ile zingemkata vipande vitatu. Nami nasoma kitivo cha lugha!

Wenzangu wanasema tukilegeza, kila mtu atakuwa kila kitu, na hakuna atakayemhitaji mwenzake. Hoja hiyo ina uzito. RuneQuest ya mwaka 1978 iliacha aina kabisa, na Skyrim ya 2011 vilevile. Nilipoicheza Skyrim nilianza na ndoto za uchawi, nikaishia kuwa mpiga mishale anayenyemelea gizani, kama watu wengi.

Kwa hiyo sitaki ngeli zifutwe. Nataka zifanye kazi kama zetu. Neno "kiongozi" limevaa KI-, lakini tunasema "kiongozi amefika". Hata sisi tunaosema "kitu yangu" bila aibu hatusemi "kiongozi kimefika". Umbo limebaki, upatanisho umefuata uhai. Mhusika naye aingie kwa ngeli moja, kisha sheria zifuate anachokifanya katika hadithi, kwa gharama. Dungeons & Dragons yenyewe, katika toleo la tatu la mwaka 2000, humruhusu mchezaji kuongeza aina nyingine kila apandapo ngazi, na anachopata huku hukikosa kule.

Nimeandika ukurasa mmoja: anayefufua atapoteza nguvu za upanga hadi jua lichwe. Wawili wamekubali, mmoja anabisha. Kijana wa toleka nimempelekea habari aje Jumapili, na usinga wake.