Thalamasi si Tarishi

Mwanafunzi aanzaye kusoma habari za ubongo huambiwa mapema kwamba thalamasi ni kituo tu cha kupokea na kupeleka habari. Mafundisho hayo si ya uongo, bali yamepungukiwa, na upungufu wake una madhara.

Thalamasi ni vifundo viwili vya chembe za neva, vyenye umbo la yai, vilivyokaa katikati ya ubongo, kimoja kila upande. Habari za macho, masikio, ulimi na ngozi hupitia humo kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo. Harufu peke yake ndiyo yenye njia nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya kufananishwa na tarishi.

Lakini tarishi hachambui barua. Katika sehemu ya thalamasi inayohusika na kuona, miungano ya neva itokayo machoni ni takriban mmoja tu katika kila 10. Mingi ya iliyobaki hutoka kwenye gamba lenyewe na kwenye shina la ubongo. Maana yake ni kwamba gamba halingoji tu kuletewa habari. Hushiriki kuamua ipi ipite na ipi izuiwe.

Ushahidi mwingine ni wa kusikitisha. Karen Ann Quinlan wa Marekani alizimia mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 21, wala fahamu hazikumrudia hadi alipofariki mwaka 1985. Ilitazamiwa kwamba gamba ndilo lililoharibika zaidi. Uchunguzi wa ubongo wake, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba thalamasi ndiyo iliyoumia vibaya kupita gamba.

Yawezekana mwalimu akasema kwamba anayeanza ahitaji maelezo mepesi. Ni kweli, lakini wepesi usipotoshe. Daktari aliyezoeshwa kumwona tarishi hatashangaa mgonjwa wa kiharusi akifa ganzi upande mmoja; atashangaa akimkuta amesinzia mchana kutwa, amepoteza kumbukumbu, au analia kwa maumivu makali katika mkono usio na jeraha. Yote hayo yaweza kuletwa na kidonda kidogo cha thalamasi.

Kiswahili huziita hisi milango ya fahamu. Penye milango pana bawabu, naye hushauriana na mwenye nyumba. Vitabu vya shule vingemfundisha bawabu huyo badala ya tarishi, mwanafunzi asingeelemewa, na mgonjwa angepata daktari amwelewaye.