“Sasa Ninyi ni Wenzetu”: Tafakari juu ya Mateso ya Wanafunzi Wapya



Wapendwa wasomaji, juma lililopita mama mmoja wa jumuiya alifika nyumbani kwa mapadre akiwa ameongozana na mwanawe. Kijana huyo alikuwa amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni, akakaa siku tisa tu, kisha akarudi nyumbani na kukataa katakata kwenda tena. Mama alidhani ni uvivu, au ni upweke wa kukumbuka nyumbani. Tuliomba tuzungumze na kijana peke yake. Tunaandika aliyotueleza kwa ruhusa yake, wala hatutataja jina lake wala shule.

Usiku wa pili, wakubwa wa bweni waliwaamsha wageni, wakawatoa nje. Ninyi mnaoishi Mbeya na Iringa mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Hatuna haja ya kuieleza. Wakawamwagia maji, wakawaamuru watambae chini na kuimba maneno machafu juu ya mama zao. Yeye alikataa kuimba, akachapwa kwa mkanda. Kulipokaribia kupambazuka, mkubwa mmoja aliwapa mikono wageni wote na kusema, “Sasa ninyi ni wenzetu.”

Kilichotusumbua zaidi ni neno alilosema kijana mwishoni. Alisema, “Padre, aliponipa mkono nilifurahi.”

Wapendwa, katika furaha hiyo ndimo ulimo mzizi wa jambo hili. Mara nyingi tunaposikia habari za namna hii tunasema kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Si kweli kwamba jambo hili ni la siku hizi, na maelezo hayo hayatoshi. Mateso ya wanafunzi wapya yanadumu kizazi hata kizazi kwa sababu yanauza bidhaa ambayo kila kijana anaihitaji, nayo ni kuwa na wenzake. Mungu mwenyewe, hapo mwanzo, aliona kwamba si vema mtu awe peke yake. Kijana wa miaka 17 aliyeachwa na mzazi getini akiwa na sanduku na ndoo anaijua kweli hiyo kuliko sisi tunaoihubiri. Basi akiambiwa kwamba bei ya kupata wenzake ni kudhalilishwa usiku mmoja, atalipa.

Nasi hatuna budi kukiri. Tulipokuwa wanafunzi katika nyanda hizi hizi, tulifanyiwa hayo tukiwa wageni, yaani njuka. Miaka mitatu baadaye tulisimama upande wa pili. Hatukushika mkanda, lakini tulishika taa na tulicheka. Tunaukumbuka uso wa mtoto mmoja aliyekuwa akitetemeka mbele yetu, na tunakumbuka kwamba tulijiambia, “Mbona sisi tulivumilia?” Tumeliungama jambo hilo, lakini uso ule haujatutoka.

Kwa nini aliyeumizwa huwa mwepesi wa kuumiza? Mwaka 1959 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, walifanya jaribio na wanafunzi wa kike wa chuo waliotaka kujiunga na kikundi cha majadiliano. Baadhi waliingia bila sharti, wengine kwa sharti jepesi, na wengine kwa sharti la kuaibisha, yaani kusoma maneno machafu kwa sauti mbele ya mtafiti. Kisha wote walisikilizishwa mazungumzo yale yale, yaliyotayarishwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioaibishwa zaidi ndio walioyasifu zaidi. Moyo wa mwanadamu haupendi kukubali kwamba uliteseka bure. Hivyo husema kwamba kile ulichoteswa kwa ajili yake lazima kilikuwa na thamani kubwa. Ndiyo maana watu wazima wenye heshima zao husema, “Tulipigwa, na ndiyo maana tumekuwa watu.” Tulikuwa watu kwa sababu Mungu alitulinda na walimu wetu walitufundisha. Fimbo za usiku hazikuongeza kitu.

Wala tusidhani kwamba madhara yake ni utani tu. Wazee miongoni mwenu mtakumbuka yaliyotokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Februari 1990. Kulikuwako chuoni kundi lililojificha nyuma ya jina la Punch, ambalo lilibandika ukutani michoro na maandishi ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Aliyeandikwa ukutani aliandamwa kwa matusi, na wengine waliogopa kuonekana naye. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, baada ya kuandamwa hivyo, alijiua. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kililipigia kelele suala hilo ili lisizikwe pamoja naye. Tujiulize: ni wangapi waliopita mbele ya ukuta ule wakasoma, wakacheka kidogo ili nao wasiandikwe?

Hapa kwetu Mbeya, mwezi Oktoba 2016, nchi nzima iliona picha za video za mwanafunzi wa Mbeya Day akipigwa ngumi, mateke na fimbo ndani ya ofisi ya walimu. Waliompiga walikuwa wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na baadaye walifukuzwa vyuoni. Kesi ile si ya bwenini, lakini inafundisha jambo lile lile. Pengine kila mmoja wao, akiwa peke yake, asingethubutu. Walipokuwa wengi, kila mkono ulipata ruhusa kutoka mkono wa jirani. Kumbukeni pia kwamba kanuni za serikali za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, mamlaka ya adhabu ya viboko, navyo visizidi vinne. Kiranja hana kiboko hata kimoja alichopewa na sheria. Mkubwa wa bweni ndiyo kabisa.

Wapo watakaotuambia, “Padre, hata wazee wetu walikuwa na jando, na maumivu yalijenga umoja.” Tunaiheshimu hoja hiyo. Lakini jando lilikuwa na wazee wenye kuwajibika, lilikuwa na mafundisho, na lilikuwa na mwisho. Bwenini usiku hakuna mzee, hakuna fundisho, na anayetesa leo aliteswa juzi tu.

Tena, wazee wetu walijua njia nyingine. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ambayo mtafiti Monica Wilson aliiandikia kitabu mwaka 1951. Wavulana wa rika moja, wakifikia miaka kumi hivi, walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao na kuishi pamoja. Kabla ya hapo walikuwa wakichunga ng’ombe pamoja, na wakati wa chakula walikwenda kama kundi kula kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Furaha ya kukaa pamoja vizuri waliiita ukwangala. Hatusemi kwamba hawakupigana. Wavulana ni wavulana. Tunasema kwamba urika wao ulijengwa juu ya sahani moja na kazi moja. Waliingia katika nyumba ya mama wa mwenzao kula ugali wake. Bwenini kijana analazimishwa kumtukana mama huyo ili akubaliwe. Ni ipi kati ya hizo mbili iliyo desturi ya watu?

Injili nayo inatuonyesha Petro usiku wa mateso. Kulikuwa na baridi, na watumishi walikuwa wamewasha moto uani. Petro alikwenda kuota moto pamoja nao. Hakuna aliyempiga, aliulizwa tu kama naye ni mmoja wa wale, akamkana Bwana ili abaki penye joto. Asubuhi yake askari walikusanya kikosi kizima kumzunguka Yesu, wakamvika vazi, wakampigia magoti kwa dhihaka, wakamtemea mate. Bwana wetu anaijua hali ya kusimama katikati ya kundi linalocheka.

Lakini Kanisa la Afrika Mashariki lina mfano mwingine pia. Mtakatifu Karoli Lwanga alikuwa mkubwa wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Kwa lugha yetu ya leo, alikuwa kiranja wao. Alitumia ukubwa huo kuwakinga wadogo wasinajisiwe, na mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Mapokeo yanasimulia kwamba waliahidiana kushikana mikono. Tarehe 3 Juni 1886 walikufa Namugongo. Inauma kukumbuka kwamba katika shule yenye jina la huyo Kizito, kule Meru nchini Kenya, usiku wa Julai 1991, wavulana waliwavamia wasichana waliokuwa hawakujiunga na mgomo wao, na wasichana 19 wakafa. Jina la mtakatifu mlangoni halimlindi mtoto. Anayemlinda ni mkubwa anayekubali kuwa Lwanga.

Basi tunawaomba haya. Wazazi, msiishie kuuliza matokeo ya mtihani. Mwulizeni mtoto analala karibu na nani, na nani alimpokea. Akikataa kurudi shule, msikilizeni kabla ya kumkaripia. Walimu, lindeni majuma mawili ya kwanza, hasa usiku. Vijana wetu wa TYCS mashuleni na TMCS vyuoni, msingoje mgeni aje kuwatafuta siku ya Dominika. Nendeni getini mkambebee sanduku, mkamwonyeshe bomba la maji na kanisa. Mkiwahi ninyi, hatakuwa na sababu ya kununua wenzake kwa aibu.

Na wewe uliyeshika mkanda, au uliyeshika taa kama sisi, mlango wa kitubio uko wazi. Lakini ukitoka humo, mtafute yule uliyemcheka, kama yupo.

Kijana wetu amerudi shuleni Jumatatu, baada ya mama kuzungumza na mkuu wa shule. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, aliyekuwa katika bweni lile, ameomba kitanda chake kihamishiwe karibu na cha mgeni huyo. Alituambia kwamba usiku ule alikuwa macho, alisikia yote, naye alijifunika blanketi. Tuwaombee wote wawili.