Wafanyakazi wa Ndege Wajulishwe Kipimo Chao

Mfanyakazi wa eksirei hospitalini huvaa beji ndogo ya kupimia mnururisho, ili ijulikane mwili wake umepokea kiasi gani. Rubani na mhudumu wa ndege kwa kawaida hawavai beji hiyo, ilhali nao hupigwa na miale itokayo anga za mbali mwaka nenda mwaka rudi. Naona wakati umefika wa kulizungumza jambo hili waziwazi.

Wanafunzi wakumbuke kwamba si jambo geni. Mnamo Agosti 1912, mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, alipaa kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vyombo vyake. Akaona kuwa huko juu mnururisho ulizidi badala ya kupungua. Ugunduzi huo ulimpa tuzo ya Nobel mwaka wa 1936.

Sisi tulio ardhini hukingwa na hewa. Ndege za masafa marefu huruka kilomita 10 hadi 12 juu, ambako sehemu kubwa ya kinga hiyo imeachwa chini. Usumaku wa dunia nao hukinga zaidi kwenye ikweta kuliko karibu na ncha za dunia. Hivyo, anayeruka kutoka Nairobi hadi New York huondoka penye kinga kubwa akaelekea penye kinga ndogo.

Abiria wa mara mojamoja hana la kuhofia. Lakini mfanyakazi wa safari ndefu huweza kupokea milisiverti 2 hadi 5 kwa mwaka, juu ya zile 2.4 ambazo binadamu wa kawaida hupata kutokana na maumbile. Kiasi hicho ni chini ya kikomo cha 20 kinachopendekezwa kwa wafanyakazi. Hata hivyo, kwa mhudumu mjamzito hesabu hubadilika, kwani mtoto aliye tumboni hapaswi kuzidisha milisiverti 1.

Kuna watakaodai kwamba kupima ni kazi ngumu. Ni kweli kwamba beji ya hospitalini haitoshi, kwa kuwa karibu nusu ya kipimo cha angani hutokana na nyutroni, ambazo beji hiyo haizinasi vyema. Lakini Concorde, iliyosafirisha abiria tangu 1976 hadi 2003, ilibeba chombo chake cha kupimia. Isitoshe, leo programu za kompyuta hukadiria kipimo kwa kutumia njia, kimo, muda wa safari na hali ya jua. Jumuiya ya Ulaya iliyaagiza mataifa yake tangu 1996 kuwakadiria wafanyakazi wanaoweza kuzidisha milisiverti 1 kwa mwaka.

Wengine watasema kuwa takwimu hizi zitawatia watu hofu. Mimi nasema hofu huzaliwa na kutojua. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, afya si mali? Kila mfanyakazi wa ndege apewe kipimo chake kila mwaka, kwa maandishi. Nanyi walimu, lifundisheni somo hili, kwani marubani wa kesho wameketi mbele yenu.