Msanii Naye Awekwe Kwenye Bajeti ya Hisani

Mchoraji au mchongaji yeyote wa Dar es Salaam aliyejulikana kidogo ameshapata barua ya mnada wa hisani. Inaanza kwa sifa, inaeleza shida ya kweli, labda wodi ya watoto isiyo na vitanda au shule isiyo na vyoo, kisha inaomba kazi moja tu ya kunadiwa usiku wa chakula cha jioni. Malipo yanayoahidiwa ni kujulikana. Mimi ni mchoraji, na sina ugomvi na wodi wala shule. Ninachohoji ni mgawanyo wa gharama: kwa nini kazi ya mkono ndiyo inayodhaniwa kuwa haikugharimu kitu?

Tutazame nani analipwa usiku huo. Mwenye ukumbi analipwa. Mpishi, mshereheshaji, watu wa muziki na aliyechapa mabango nao wanalipwa, hata kama wamepunguza bei kwa ajili ya jambo la heri. Sasa tuchukulie picha ambayo kwa kawaida inauzwa shilingi 600,000. Bodi, rangi na fremu zimekula 150,000. Zilizobaki ndizo siku za kazi, kodi ya chumba cha kuchorea na karo ya mtoto. Ukumbini picha hiyo inaangukia 300,000, kwa sababu waliokuja wamekuja kula na kuonana, si kutafuta picha. Hisani imepata 300,000. Mnunuzi ameondoka na picha kwa nusu bei, tena amepigiwa makofi. Aliyechora ametoa mali ya 600,000, na huenda hakualikwa hata mezani. Wiki inayofuata mteja mwingine anafika kwake na kuuliza: mbona juzi uliuza 300,000?

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya uchoyo. Kutoa ni moyo, si utajiri, na sisi ni watu wa kuchangiana: msiba ukitokea hakuna anayedai ujira wa kubeba maji, na kwenye msaragambo fundi hujenga bila kuuliza malipo. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kujibiwa kwa haki. Lakini msaragambo una sharti lake. Kila mmoja huja na alichonacho, mwenye jembe na jembe, mwenye sufuria na sufuria, na anayesaidiwa leo atakuja kwako kesho. Mnada wa hotelini haufuati sharti hilo. Wengi wa waliomo wanauza huduma zao, wachache wananunua, na mmoja peke yake anaambiwa achangie kwa moyo. Huwezi kuchukua adabu ya kijijini ukaitumia kwa mtu mmoja tu ndani ya biashara ya mjini.

Dhana kwamba kazi ya msanii ni rangi na bodi tu si yetu peke yetu. Nchini Marekani imo ndani ya sheria ya kodi. Tangu mageuzi ya mwaka 1969, msanii anayeipa makumbusho picha yake mwenyewe anaruhusiwa kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama ya vifaa tu. Tajiri aliyeinunua picha hiyohiyo na kukaa nayo kwa zaidi ya mwaka anaweza, kwa kawaida, akapunguza kwenye mapato hayo thamani yake yote ya sokoni. Picha ni moja, makumbusho ni yaleyale, lakini aliyelipa fedha anahesabiwa ametoa mali, na aliyelipa kwa jasho anahesabiwa ametoa makopo ya rangi. Sheria hiyo haitufikii, ila barua tunazoandikiwa zimejengwa juu ya dhana hiyohiyo.

Anayedhani wenye kazi za mikono hawajui kutoa bure hajaitazama vizuri kofia ya kushonwa kwa mkono ya Lamu au Unguja. Vitobo vyake vidogo hushonwa kimoja kimoja, na kofia nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Mwanamke anayemshonea mumewe au mchumba wake huanza kwa kupima kichwa chake na kuchagua ua analojua atalipenda. Kofia hiyohiyo ikiuzwa dukani ni bidhaa, na huuzwa ghali kwa haki kabisa. Ikitolewa kama zawadi, thamani yake inatokana na kwamba mshonaji alikuwa akimfikiria mtu mmoja muda wote huo. Ndivyo ilivyo kwa mkeka ambao mama wa Pemba anamsukia binti yake anayeolewa. Zawadi ya mkono ina mtu wake.

Hisani haiwezi kuwa hivyo, na si kosa lake. Wodi haihitaji picha yangu. Inahitaji vitanda, na vitanda hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo ninapoitoa picha kwa mnada sijampa mtu zawadi. Nimetoa bidhaa ili igeuzwe fedha, na bidhaa ina kanuni zake: bei, gharama na mtengenezaji anayepaswa kula ili kesho atengeneze nyingine.

Waliofanikiwa kuunganisha hisani na kazi ya mkono katika nchi zetu wamelielewa jambo hilo mapema. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, tena kwa kinyesi cha tembo. Bombolulu ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1969, iliwapa watu wenye ulemavu karakana, vifaa na ujira. Kazuri ya Nairobi ilianza mwaka 1975 kwa kuwaajiri kina mama wawili wanaolea watoto peke yao ili watengeneze shanga za udongo. Msaada katika sehemu zote tatu umepitia mfukoni mwa fundi. Mteja anaweza kununua mara ya kwanza kwa huruma, lakini akirudi mara ya pili amerudi kwa sababu shanga ni nzuri.

Na tuseme ukweli wa upande wetu pia. Kazi inayotolewa bure mara nyingi ni ile iliyokaa ukutani miaka miwili bila mnunuzi. Msanii hulinda kazi yake bora kwa ajili ya mteja na kuutupia mnada mabaki, kisha waandaaji hushangaa bei zikianguka. Anayehofu kwamba kumpa msanii sehemu yake kutapunguza mapato ya hisani afikirie hilo. Nusu ya picha bora, yenye bei ya chini iliyokubaliwa kabla ya nyundo kugonga, yaweza kuwa kubwa kuliko picha mbovu nzima.

Basi waandaaji waandike barua nyingine. Itaje bei ya chini, itaje asilimia itakayokwenda kwa msanii, na iahidi kwamba msanii atatajwa ukumbini kama wanavyotajwa wafadhili. Wachoraji wa Tingatinga, walio katika ushirika tangu mwaka 1990, na vyama vya wachongaji wa Mwenge na Mombasa wanaweza kuyadai masharti haya kwa pamoja, maana msanii mmoja akikataa peke yake ataitwa mchoyo na barua itapelekwa kwa jirani.

Msanii akishapewa haki yake, bado anaweza kuirudisha bahasha ya malipo yake kwa watoto wa wodini. Wengi watafanya hivyo, nami nikiwamo siku ambayo kodi ya chumba imeshalipwa. Tofauti ni kwamba uamuzi utakuwa wake, na mchango wake utaandikwa kwenye orodha kwa kiasi chake halisi kama wa mfadhili mwingine yeyote.