Askari wakigonjwa juu ya chakula, tufungue chungu kwanza



Kila mara askari wanaanza kutapika na kuhara mu kambi, mu mji wimbo ni moja: "Wamewapea karuho!" Kesho yake watu wanatafuta mama mwenye kuuzisha ndizi, ao mukimbizi, ao mtu wa kabila fulani. Sisi tunasema: hapana. Kushitaki mtu bila ushahidi haiko uchunguzi, ni kuwasha moto.

Uchunguzi unaanza na maulizo mepesi. Nani alikula, nani hakukula? Alikula nini, saa ngapi? Kama wanatapika ndani ya masaa 1 mpaka 6, mara mingi ni mikrobi ya Staphylococcus yenye kutoka mu mikono ya mupishi. Kama tumbo linauma na kuhara kisha masaa 6 mpaka 24, na walikula nyama ao maharagi yenye ililala mu chungu kikubwa, watafute Clostridium perfringens. Basi chungu kisioshwe haraka. Chakula chenye kilibakia kiwekwe mu baridi, kitumwe INRB pamoja na choo cha wagonjwa.

Lakini tusiishie kwa mupishi. Yeye anapika chenye alipewa, mara ingine bila maji safi wala sabuni. Nani aliuzisha ile unga? Nani alisaini? Franga za chakula zilipita wapi?

Tusisahau Kotakoli. Mwezi wa 9 mwaka 2013, serikali ilipeleka mu ile kambi ya jeshi, kule Équateur, watu wenye walikuwa wapiganaji, na wake na watoto wao. Mwaka 2014, Human Rights Watch ilionyesha kama zaidi ya 100 walikufa juu ya njaa na magonjwa. Haikukuwa karuho. Ni chakula na dawa ndivyo vilikosekana.

Watatuambia: "Ni siri ya jeshi." Katiba yetu, artikle 47, inahakikisha afya na chakula. Artikle 188 inaweka jeshi chini ya mamlaka ya raia. Kwa hiyo tuko na haki ya kuuliza.

Tunaomba:
– majibu ya laboratware yatangazwe wazi;
– mupishi ao muchuuzi asifungwe bila ushahidi;
– oditora ya jeshi ifuate franga mpaka kwa wakubwa.

Askari mwenye hakula vizuri hawezi kutulinda. Na njaa yake, ni raia ndiye anailipa: leo mbuzi, kesho bariere mu njia. Kutetea sahani yake ni kujitetea sisi wenyewe.