Fizi: Tuanze kuwatembeza watoto wetu wenyewe

Tukisikia neno utalii hapa Fizi, tunafikiria wazungu na pesa. Vita na barabara mbovu vinawazuia kufika. Lakini sisi wakaaji, tunajua tulicho nacho?

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ubwari, wakadhani ni kisiwa. Kule Cap Banza, maji ya moto yanatoka chini ya ziwa Tanganyika. Che Guevara alikaa katika milima yetu toka Aprili hadi Novemba 1965. Wazee wanaokumbuka wakati ule wanazidi kututoka.

Kwa maoni yangu, penye utulivu, shule za Baraka zipeleke wanafunzi pamoja na mzee mmoja, na maneno yake yarekodiwe. Amani ikirudi, mgeni atatembezwa na nani kama mwenyeji hapajui kwao?