Maneno na Maana Yake: Matatizo Yanayoitwa Maovu

Mwezi huu twataka kutazama neno moja la Kiingereza, nalo ni "wicked". Waalimu walijua tangu zamani, kwa kuwa limejaa katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, hasa katika Zaburi na Mithali, na humo lamtaja mtu mwovu, asiyemcha Mungu. Wenye kutunga kamusi hulihusisha na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mchawi. Basi si ajabu mwalimu akishtuka aonapo katika vitabu vya siku hizi, vya utawala na elimu na afya, kwamba umaskini waitwa kwa neno lilo hilo. Je, umaskini umetenda dhambi gani?

Habari yake ni hii. Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, alikuwako mwalimu Mjerumani, Horst Rittel, aliyefundisha elimu ya kubuni na kupanga mambo. Mwenziwe, Melvin Webber, alikuwa mtaalamu wa mipango ya miji. Mwaka 1967 C. West Churchman aliliandika jina hilo la matatizo katika jarida Management Science, akisema amelipata kwa Rittel. Na mwaka 1973 Rittel na Webber wakalieleza wenyewe kwa urefu katika jarida Policy Sciences. Wakati ule watu wa Marekani walikuwa wakinung'unika: wataalamu hawa wamejua kutengeneza barabara na kuleta maji safi majumbani, mbona wameshindwa na umaskini, na ujambazi wa mitaani?

Wao walitaja alama kumi za tatizo la namna hii. Hatutazitaja zote, maana nyingine, kwa maoni yetu, zakaribiana mno. Iliyo kuu ni kwamba tatizo lenyewe halikubali kuelezwa likaisha. Mfano wao mmoja ni huo umaskini. Ukisema umaskini ni kukosa fedha, utaulizwa mbona fedha hazipo. Labda kazi hakuna. Basi tatizo ni uchumi wa nchi. Labda kazi ipo, ila watu hawana ujuzi. Basi tatizo ni shule. Labda watoto wapo shuleni, lakini wagonjwa. Basi tatizo ni afya. Hakuna mwisho, na kila mtu husimama pale palipo karibu na kazi yake. Mganga huona homa, mwalimu huona ujinga, na sisi watu wa kanisa twaona upesi sana ulevi.

Tena matatizo haya hayana kujaribu bure. Hesabu ikikosewa ubaoni hufutwa, na mtoto huanza tena. Lakini barabara kubwa ikiisha kupitishwa katikati ya mji, nyumba zimebomolewa na jirani wametawanyika; nani atawarudisha? Wala hakuna saa ya kuweka kalamu chini na kusema kwamba jibu limepatikana. Watu huacha kwa kuwa fedha zimekwisha, au wamechoka. Hesabu, na mchezo wa sataranji, Rittel na Webber waliyaita matatizo yaliyofugwa. Yale mengine waliyafananisha na simba, asiyekuwa mpole kama mwana-kondoo.

Nao waliona hatari ya neno lao. Walisema wazi kwamba hawakukusudia kuyafanya mambo haya kuwa mtu mwenye nia mbaya. Twawasifu kwa hilo. Hata hivyo neno lina nguvu zake, wala halimngoji mwenye kulitunga. Ukisema mbele ya watu kwamba tatizo ni ovu, kabla ya jua kuchwa watauliza mwovu ni nani. Wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye Bwana hakukubali kuwajibu kwa njia hiyo.

Liko jambo katika kitabu cha Yeremia lililotusaidia sana. Katika mlango wa 15 nabii alia juu ya jeraha lake, na katika mlango wa 17 asema juu ya moyo wa mwanadamu. Mahali pote pawili Kiebrania chatumia neno moja, lenye maana ya kitu kisichoponyeka. Wafasiri wa mwaka 1611, walipofika kwenye jeraha, waliandika kwamba haliponi. Lakini walipofika kwenye moyo waliandika neno hili hili la uovu. Biblia yetu ya Kiswahili, hapo penye moyo, yataja ugonjwa. Hatusemi moyo wa mtu hauna uovu. Twasema tu kwamba kutopona ni jambo moja, na uovu ni jambo la pili, na mwenye kufasiri yampasa kujua ni lipi lililo mbele yake.

Kwa Kiswahili tunalo neno letu, "sugu". Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mkulima. Mpini wa jembe ndio ulioifanya, siku baada ya siku. Kwa hiyo "tatizo sugu" ni jina zuri, kwa kuwa laonyesha kwamba ugumu una historia yake. Waganga nao hulitumia kwa vimelea vilivyozoea dawa. Kwa sababu hiyo Tanzania Bara mwaka 2001 iliacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Dawa iliyoponya wengi ndiyo iliyowapa vimelea nafasi ya kuizoea.

Lakini neno letu nalo lina ugonjwa ule ule wa neno la Kiingereza: hupenda kutoka kwenye jambo na kumpanda mtu. Twasikia "mlevi sugu", twasikia "mhalifu sugu", na, lililo baya kuliko yote, twasikia "mtoto sugu", likitamkwa mbele ya darasa zima. Mtoto huyo ana miaka 9, hajui kusoma. Labda hasikii vizuri kwa sikio moja. Labda hulala njaa. Labda lugha ya darasani siyo ya nyumbani kwao. Akiisha kuitwa sugu, hakuna atakayemchungulia sikio, kwani jina limekwisha kujibu swali.

Kwa hiyo waalimu wanaofasiri vitabu vya Kiingereza, wakilikuta neno hili juu ya matatizo, tungependa waandike "tatizo sugu", wasiandike "ovu". Na katika ripoti apelekewayo mzazi, neno lote liachwe, jambo lenyewe litajwe hata kama ni refu: mtoto wako hajajua kusoma; tumempima macho na masikio; jumatatu tutapenda kuzungumza nawe, baba pamoja na mama, habari za chakula chake cha asubuhi.